Herufi ya Katikati

Jumatatu, 12 Januari

Mke wangu ameondoka leo asubuhi kwenda kusomea ukunga, wiki kumi na mbili. Nyuma yake ameacha mtoto wetu wa mwisho, mama yake mzazi, jiko ambalo haliwaki mpaka lipigwe kibao ubavuni, na daftari hili.

"Kila siku uandike ulichofanya na mtoto," aliniambia, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari. "Usinipigie simu kunisimulia, nitakuwa darasani. Andika. Nikirudi nitasoma."

"Na siku ambayo sikufanya kitu?"

"Andika hukufanya kitu, utie sahihi."

Mtoto mwenyewe tunamwita Nukta, kwa sababu alizaliwa mdogo na ameshikilia msimamo huo. Ndiyo kwanza ameingia darasa la kwanza. Mimi nina miaka hamsini na mbili, mchoraji wa mabango wa mtaa huu na mitaa mitatu inayofuata. Kaka zake wawili, ambao sasa ni watu wazima wenye ndevu zao, walijua kusoma bila mimi kushiriki. Nilirudi kazini siku moja nikawakuta wanasoma. Nilidhani kusoma huota kama meno.

Jumanne, 13 Januari

Sikufanya kitu. Sahihi.

Alhamisi, 15 Januari

Mkutano wa wazazi wa darasa la kwanza. Tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti masikioni. Mwalimu ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu, mwenye sauti ya upole ya mtu ambaye hajawahi kuhitaji kuipandisha. Alizungumza saa nzima: watoto watajifunza nini muhula huu, na sisi huku nyumbani tuwasaidie vipi. Kwa bahati mbaya, juu ya ubao kuna mtu aliandika KARIBUNI kwa rangi ya mafuta, na ile R imelala kama mlevi anayemwegemea A. Saa nzima mimi nilikuwa naisimamisha kichwani.

Nilizinduka mwishoni. Mwalimu alikuwa anasema: "Kwa hiyo siku ya kufunga shule, kila mtoto atasoma peke yake ukurasa ambao hajawahi kuuona, mbele yangu na mtu mmoja wa nyumbani kwake. Atakayeshindwa tutamrudisha darasa la awali, akaimarike hadi mwakani."

Nilipomfikishia Nukta habari hiyo, aliweka kikombe chini.

"Awali? Baba, kule wanalalishwa mchana!"

Lazima nieleze. Mlinzi wa getini bado anamwelekeza Nukta darasa la awali kila asubuhi kwa sababu ya kimo chake, na kila asubuhi Nukta anamjibu, "Mimi ni la kwanza." Akirudishwa kweli, atapita getini na uso gani?

"Sirudi," alisema.

"Hurudi," nikamwahidi, kwa ujasiri wa mtu aliyesikiliza mkutano.

Jumapili, 18 Januari

Mama mkwe ameshika usukani wa nyumba. Ni mwanamke wa maneno machache, na karibu yote yananihusu. Leo: "Mkwe, kijiko hicho ni cha mboga." "Mkwe, mlango una mpini." "Mkwe, mtoto anakuuliza kitu mara ya tatu." Kwa heshima nimeitikia "Ndiyo, Mama" mara kumi na moja.

Jumatano, 21 Januari

Kazi ya nyumbani ya kwanza: nakili maneno kumi. Nilipoona mwandiko wa Nukta, moyo ulinishuka. Herufi zilikuwa zimetapakaa ukurasa mzima kama sisimizi waliopoteza njia. Mtoto wa mchoraji wa mabango! Watu wataniwekea kazi mkononi kwa imani gani?

Nikamchukua mpaka kwenye karakana yangu, chumba kile cha nyuma chenye madebe ya rangi, nikamfundisha siri ya kazi. Siri yenyewe ni hii. Ukianza neno upande wa kushoto, utafika kulia nafasi imekwisha, na herufi za mwisho zitabanana kama watu watano chini ya mwavuli mmoja. Kwa hiyo fundi hutafuta herufi ya katikati, anaiweka katikati ya kibao, kisha anakwenda kushoto na kulia kwa zamu mpaka ncha zote mbili. KINYOZI huanzia kwenye Y. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita na hakuna bango langu lililowahi kuegemea upande.

Nukta ana mkono. Alishika haraka kuliko vijana wote niliowahi kuwafunza. Ukurasa ukatoka kama umechapwa.

Ijumaa, 23 Januari

Mwalimu amechora nyota na kuandika: "Mwandiko mzuri sana!" Nimeuonyesha ukurasa huo kwa mama mkwe, kwa muuza nyama, na kwa mteja aliyekuja kuulizia bango la matairi.

Mama mkwe aliutazama kwa muda. "Unasemaje?" akauliza.

"Unasema mwandiko mzuri sana."

"Sisemi maneno ya Mwalimu. Haya ya mtoto yanasemaje?"

Nikasema ni maneno ya kawaida tu.

Jumatatu, 2 Februari

Nyota nyingine. Kichwa changu hakipiti mlangoni.

Alhamisi, 5 Februari

Watoto wameambiwa waende na vitu kumi vya kuhesabia. Wenzake watapeleka mawe na maharage. Nilichukua vizibo kumi vya chupa, nikavipaka rangi nyekundu, na kwa brashi nyembamba nikaandika juu yake 1 mpaka 10, na kivuli kidogo cha bluu.

Ijumaa, 6 Februari

Vizibo vimerudishwa na kijikaratasi: "Vizuri mno. Lakini Nukta hahesabu, anatazama namba. Tafadhali mawe."

Walimu wa siku hizi hawapendi sanaa.

Ijumaa, 13 Februari

Nimeitwa shule. Nilidhani wananipongeza, nikavaa shati la kola. Mama mkwe akaniuliza naenda kuposa wapi.

Mwalimu alinikalisha kwenye kile kiti, akafungua daftari la Nukta.

"Fundi, nisamehe kwa swali hili. Nani anaandika daftari hili?"

"Yeye mwenyewe."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake, Mwalimu. Mimi nashika rula tu."

Akatikisa kichwa polepole. "Jana nilitoa imla. Maneno kumi, nayataja, wao wanaandika. Nukta hakuandika hata moja. Kila neno alinyoosha mkono: 'Mwalimu, hilo lina herufi ngapi?' Nikamwuliza anataka idadi ya nini. Akasema, 'Ili nijue katikati.'"

Kola ya shati ilianza kunibana.

Nukta akaitwa. Mwalimu aliandika NDIZI kwenye karatasi, akamwambia alinakili ubaoni. Mtoto akapima ubao kwa viganja, huku na huku, akaweka alama ndogo ya chaki katikati. Akaandika I. Akaenda kushoto akaandika D, akaja kulia akaandika Z. Kushoto N. Kulia I. Neno likakaa pale, limenyooka, nafasi sawasawa, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Tazama nafasi hizo, Mwalimu!"

Mwalimu hakuzitazama. "Nukta, umeandika nini?"

Nukta akalitazama neno. Akanitazama mimi. Akalitazama tena.

"Herufi tano," akasema.

Sikuwa na pa kuuficha uso. Kwenye kiti kile hata ukiinama unakutana na magoti yako.

Mwalimu akamtuma Nukta nje akacheze. "Mtoto huyu hasomi, Fundi. Anachora. Tena anachora vizuri, ndiyo maana hata mimi nilichelewa kuona, na hilo ni kosa langu. Lakini neno lina mwanzo, linakwenda na sauti yake. Nilieleza haya siku ile ya mkutano."

"Nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo. Ulikuwa unatazama ukuta."

Nikamwomba anieleze upya, na safari hii nikamtazama yeye. Alisema nikae na mtoto dakika ishirini kila siku, mahali pasipo na televisheni. Asome yeye, siyo mimi. Akikwama nimsubiri. Akimaliza nimwulize habari yenyewe, nani alifanya nini na kwa sababu gani. Hesabu tufanye kwa vijiko na vifungo, bila kuvipaka rangi.

"Ni hayo tu?"

"Hayo tu. Ila hilo la kusubiri, Fundi, usilidharau."

Zimebaki wiki saba. Njiani Nukta alitembea mbele yangu bila kuruka madimbwi, na yeye huwa haachi dimbwi hata moja. "Baba," akasema bila kugeuka, "nilikosea wapi?"

"Hukukosea. Ulifuata alivyokufundisha fundi wako."

"Basi fundi arudi awali."

Nimekubali kwamba ni haki.

Jumatatu, 16 Februari

Mvua imeanza. Rangi haikauki, mabango mawili yamelala karakanani. Kwa hiyo sina kisingizio. Saa kumi jioni nimezima televisheni, nikakaa na Nukta mezani na kitabu cha shule, kile chenye mbuzi kwenye jalada.

"Ki...," akasoma. "Ka..."

"Kikapu!" nikasema.

"Kikapu. Cha... ma..."

"Cha mama!"

Tulimaliza kurasa tatu. Maendeleo makubwa.

Jumatano, 18 Februari

Mvua. Kurasa nne.

Ijumaa, 20 Februari

Mvua. Kurasa tano! Nimemwambia mama mkwe tukienda kwa mwendo huu, kitabu kitakwisha kabla ya wiki ijayo. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Nani atakimaliza?"

Jumanne, 24 Februari

Tumemaliza kitabu.

Jumatatu, 2 Machi

Leo yamenikuta. Tulianza kitabu cha pili, mama mkwe ameketi pembeni anachagua mchele. Nukta akasoma "Da...", akasita, nami nikasema "Dada". Akasoma "a-na-fa...", nikasema "anafagia". Mama mkwe akaweka sinia chini.

"Mkwe. Samahani, naomba nikuulize. Kitabu kiko wapi?"

"Hiki hapa, Mama."

"Na macho ya mtoto yako wapi?"

Nikamgeukia Nukta. Alikuwa ananitazama midomo.

"Mtoto anasoma mdomo wako," mama mkwe akasema, akaendelea na mchele wake.

Nilikana. Nikajitetea kwamba mimi namsaidia kidogo tu. Basi akaniambia niufumbe mdomo. Kwa kuwa mimi mwenyewe najijua, nilichukua brashi safi nikaing'ata kwa meno. Nukta akasoma: "Dada a-na-fa..." Kimya. Mvua inapiga bati. Kimya. Sikujua kwamba kimya kina uzito. Nilihisi kama nimebeba gunia. Hatimaye Nukta akasema "anafanya". Akanitazama usoni, akasema haraka, "Hapana! Anafagia."

"Umeona?" nikamwambia mama mkwe kupitia brashi. "Amejirekebisha!"

"Amesoma nyusi zako," mama mkwe akajibu. "Zimepanda mpaka kwenye nywele."

Jumanne, 3 Machi

Nimefukuzwa mezani. Nafanya kazi karakanani, mlango wazi, mgongo nikiwa nimewageuzia. Mama mkwe ndiye anakaa na mtoto.

"Lakini Mama, wewe..." nilianza, nikatafuta namna ya kulisema kwa adabu.

"Mimi shule niliiona kwa nje," akasema. "Sijui hata herufi moja. Ndiyo maana hatanisoma usoni. Hakuna kilichoandikwa."

Sina raha. Mtu asiyejua kusoma atamsaidiaje asiyejua kusoma? Zimebaki wiki nne. Nimeandika haya ili mke wangu ajue uamuzi ulitoka kwa nani.

Alhamisi, 5 Machi

Ninaandika nilivyosikia kupitia mlango, neno kwa neno, nikiwa nimeshika brashi iliyokauka.

"Ba-ba a-me-va-a vi-a-zi."

"Amevaa nini?"

"Viazi."

"Miguuni?" mama mkwe akauliza. Hakucheka. Alikuwa anataka kujua kweli.

"Bibi, ndivyo kinavyosema."

"Basi baba huyo ana matatizo. Hebu kiulize tena hicho kitabu."

Kimya. Mimi huku nimeshikilia ukingo wa meza. Neno lenyewe nilikuwa nalijua, liko mdomoni, linataka kutoka kama chafya.

"Vi-a... vi-a-tu. Viatu! Bibi, ni viatu!"

"Ahaa. Hapo sawa. Anakwenda wapi sasa?"

"Sijui. Ngoja nikisome."

Nimekaa nikawaza kwamba kwa wiki mbili mimi sikuwahi kumwuliza baba yule wa kitabuni anakwenda wapi. Nilikuwa najua kurasa ni ngapi.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Wamesoma nusu ukurasa. Mama mkwe amekataa kuendelea mpaka aelezwe kwa nini mbuzi alifungwa upande ule wa uzio na majani yako upande huu. Mjadala dakika kumi.

Jumatano, 11 Machi

Robo ukurasa! Nimehesabu: kwa mwendo huu kitabu kitaisha Nukta akiwa na ndevu kama kaka zake. Nimekwenda mlangoni kusema. Wote wawili wakanitazama kwa namna moja. Nimerudi kwenye rangi.

Jumapili, 15 Machi

Wamehesabu vifungo vyote vya nyumba hii, pamoja na vya shati nililokuwa nimevaa. Thelathini na nane. Vyangu vitatu havipo. Nukta ametoa hesabu: vilipaswa kuwa arobaini na moja. Mama mkwe ameshona vingine.

Alhamisi, 19 Machi

Naandika hili kwa aibu, lakini tulikubaliana ni kila siku.

Wiki mbili zimebaki na mtoto anasoma kwa kukokota. Hofu ikanishinda. Nilikwenda kwa Mwalimu nikajitolea kuinyoosha ile R ya KARIBUNI, bila malipo, kwa mapenzi yangu kwa elimu. Alishukuru, akaniachia darasa, akaenda ofisini. Nikapanda meza. Na toka juu kule nikaona, kwenye meza yake, karatasi moja imefunikwa nusu na rejesta: "Jaribio la kusoma, kufunga muhula."

Kama nina malaika begani alikuwa amekwenda chai. Nilishuka. Niliinua rejesta kwa kidole kimoja, nikaitazama karatasi ile kuanzia juu hadi chini, mara mbili. Nikarudisha. Nikanyoosha R, nikakimbia nyumbani niiandike kabla sijaisahau, nimfundishe Nukta ukurasa wote aujue kwa moyo.

Nilikaa na kalamu. Najua ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Najua kichwa cha habari kilikuwa katikati kabisa, na kwamba mstari wa mwisho ulikuwa mfupi, umeacha uwazi mbaya kulia. Najua herufi zilikuwa nyembamba kupita kiasi kwa watoto wa umri ule. Inasema nini, sijui. Sikumbuki hata neno moja.

Miaka ishirini na sita natazama maandishi hivyo. Nimechana karatasi. Kisha nikacheka peke yangu karakanani mpaka mama mkwe akauliza kama nimevuta rangi.

Ijumaa, 20 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu asubuhi nikamwambia yote. Alishika shavu.

"Kwa hiyo umeisoma?"

"Mwalimu, hilo ndilo tatizo. Nimeitazama."

Amesema atabadilisha ukurasa hata hivyo. Amesema pia R imekaa vizuri.

Jumatano, 25 Machi

Nukta ameanza kugoma kulala kabla ya kujua mwisho wa hadithi. Mama mkwe naye. Nalala wa kwanza nyumbani kwangu.

Jumanne, 31 Machi

Kesho kutwa ndiyo siku. Leo Nukta hakula. Anasukuma chakula huku na huku.

"Nikikwama?" akaniuliza.

"Utasubiri kidogo, litakuja."

"Na lisipokuja?"

Nilikuwa na majibu matano, yote marefu. Nikasema, "Sijui." Ikaonekana ndilo alilokuwa analitaka, kwa sababu alichukua kijiko.

Kisha nikamwambia nitavaa lile shati la kola, tukae wote mbele ya Mwalimu. Akatazama sahani.

"Baba, usikasirike. Mtu ni mmoja. Nataka Bibi."

Sikukasirika. Nilikwenda karakanani nikaosha brashi ambazo zilikuwa safi.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Tulikwenda watatu, mwavuli mmoja. Getini mlinzi akanyoosha mkono kuelekeza awali. Nukta hakumjibu leo. Hilo lilinitisha kuliko yote.

Mimi nilibaki nje, chini ya dirisha la darasa, na wazazi wengine wanaosubiri zamu. Dirisha lilikuwa wazi nusu. Niliona meza, Mwalimu na kalamu yake, Nukta ambaye miguu haifiki chini, na mama mkwe amekaa wima na mkoba mapajani kama aliyekuja kutoa ushahidi mahakamani.

Hadithi ilikuwa ya kuku wa jirani aliyetaga mayai ndani ya kofia ya babu. Nukta alianza kwa sauti ndogo. "Ba-bu a-li-we-ka ko-fi-a ya-ke..." Polepole, Mungu wangu, polepole. Mzazi aliyekuwa nyuma yangu alitazama saa. Mstari wa pili. Wa tatu. Mama mkwe akasogea mbele kidogo alipotajwa kuku.

Mstari wa sita akakwama.

Lilikuwa neno refu. Nililiona hivyo kwa mbali, refu kama treni. Nukta akasoma mabehewa mawili akanyamaza. Kalamu ya Mwalimu ikasimama juu ya karatasi. Nukta akainua macho kumtazama bibi yake. Pale usoni hapakuwa na kitu, ila mwanamke anayetaka kujua kuku amefanya nini. Mimi dirishani nilizika uso kwenye kola, nyusi na vyote, nikasikiliza maji yanavyotiririka kutoka kwenye paa.

"A-ka-ya-fi...," akasema. "Akayafikia." Akatulia. "Hapana. Haiwezi kuwa hivyo, kuku hajatoka." Akarudi mwanzo wa neno, kidole juu yake. "A-ka-ya-fu-ni-ka. Akayafunika! Akayafunika kwa mbawa zake."

"Ehee," mama mkwe akasema, ameridhika.

Mistari iliyobaki ilikuja kwa kukokotwa, lakini ilikuja. Wa mwisho: "A-su-bu-hi ba-bu a-ka-chu-ku-a ko-fi-a, a-ka-i-va-a." Hapo ukurasa ukaisha. Mwalimu akaandika kitu, akafunga kitabu.

"Vizuri sana, Nukta. Asante, Bibi. Tumemaliza."

Mama mkwe hakunyanyuka. "Na mayai?"

"Bibi?"

"Mayai yaliyokuwa ndani ya kofia."

"Jaribio ni ukurasa mmoja tu, Bibi."

"Mwalimu wangu, tumemalizaje na mzee ana mayai kichwani?"

Mwalimu akautazama mlango, wazazi wamepanga foleni mpaka kwenye baraza. Akamtazama mama mkwe. Kisha nikamwona, yule binti mpole, anang'ata mdomo asicheke, anafungua kitabu upya na kugeuza ukurasa ambao haukuwa wa mtihani wa mtu yeyote. Nukta aliuvuta karibu bila kuambiwa. Dirishani tulikuwa tumeshabanana watu wanane, na yule mwenye saa ndiye aliyekuwa mbele. Mayai matatu yalipasuka na moja likatoa kifaranga. Tulipiga makofi.

Kwenye fomu Mwalimu ameandika: "Anasoma polepole, anaelewa asomacho, anajirekebisha mwenyewe. Aendelee darasa la kwanza."

Jioni simu ikalia. Mke wangu, mwenyewe aliyepiga marufuku simu.

"Niambie."

"Amepita."

Nilisikia anapenga kamasi. "Na wewe ulimsaidiaje?" akauliza.

Nilikuwa nimeliandaa jibu zuri, lina mwanzo na mwisho. Lakini chumba cha pili Nukta alikuwa ameanza kitabu kingine kwa bibi yake, na sauti yake ikaja mpaka kwangu, na bila shaka mpaka kwa mama yake: "Wa-li-po-fi-ka so-ko-ni wa-li-ku-..."

Akakwama.

"Mbona amenyamaza?" mke wangu akasema. "Mwambie ni wali—"

"Shhh," nikamwambia. "Usiseme kitu."

Nikaisogeza simu karibu na mlango. Tukasubiri, yeye kule na mimi huku, hakuna anayepumua kwa nguvu, mpaka neno likatoka.